Shajara ya mradi: machaguo ya rsync kwa akiba ya maktaba ya sauti

Jumatatu: kazi yenyewe

Mradi huu unahusu maktaba ya sauti ya kituo kidogo cha redio ya kijamii kilichopo Tanga. Ndani yake mna mahojiano na wazee, ngoma za harusi, taarabu za vikundi ambavyo baadhi yake vimekwisha kuvunjika, na vipindi vya miaka mingi vilivyohamishwa kutoka kwenye kanda kuwa faili za kompyuta. Kanda nyingi za asili zimechakaa kiasi kwamba hazitacheza mara ya pili, kwa hiyo faili iliyopo kwenye diski ndiyo kumbukumbu yenyewe, na ikipotea hakuna pa kuirudia. Tumepewa kazi ya kuweka nakala ya akiba katika ofisi ya pili iliyopo Dodoma, na kuihuisha kila usiku kwa laini ya intaneti ambayo ni nyembamba na ambayo hukatika mara kwa mara.

Tumeamua kutumia rsync, programu ya kunakili na kusawazisha faili kati ya kompyuta mbili, iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Australia. Sababu kubwa ni namna inavyoshughulikia faili iliyobadilika sehemu ndogo tu. Upande unaopokea huigawa faili ya zamani katika vipande na kukokotoa namba mbili za utambulisho kwa kila kipande, moja nyepesi kuhesabu na nyingine ya uhakika zaidi, kisha huzipeleka namba hizo kwa upande unaotuma. Huko hesabu nyepesi hupitishwa juu ya faili mpya baiti baada ya baiti, na kila kinapoonekana kipande ambacho mpokeaji tayari anacho, hutumwa namba ya kipande hicho tu. Hata maneno yakiongezwa mwanzoni mwa faili na kusogeza mbele kila kilichofuata, vipande hutambulikana.

Kwetu hili ni jambo zito. Rekodi ya saa moja yenye njia mbili za sauti, biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde, huchukua baiti 288,000 kila sekunde, yaani zaidi kidogo ya gigabaiti 1. Kwa laini ya megabiti 2 kwa sekunde, ikiwa haina mtumiaji mwingine, rekodi hiyo husafiri kwa takribani dakika 69. Mhifadhi wetu akiandika jina la msimulizi ndani ya kichwa cha faili hiyo, hatuwezi kulipa dakika 69 nyingine kwa ajili ya maneno machache.

Shajara hii itaeleza kila chaguo tunaloliweka kwenye mstari wa amri na sababu yake, pamoja na yale tuliyoyakataa. Kipimo kitakuwa kimoja: chaguo hilo litafanya nini siku mambo yatakapoharibika. Kasi itafuata baadaye.

Jumanne: herufi zilizomo ndani ya `-a`, na mkwaju wa mwisho

Maelekezo mengi huanza na `-a` bila kuifungua. Chaguo hili ni kifupisho cha `-rlptgoD`: kuingia ndani ya folda, kuhifadhi viungo-ishara (faili ndogo zinazoelekeza kwenye faili nyingine), ruhusa, muda wa kubadilishwa, kundi, mmiliki, na faili maalumu za vifaa. Haliingizi viungo vigumu, yaani majina zaidi ya moja ya data ileile (`-H`), orodha za ruhusa za ziada (`-A`) wala sifa za ziada za faili (`-X`), na anayehifadhi mfumo mzima wa Linux anapaswa kulijua hilo kabla ya kuamini kwamba amehifadhi kila kitu.

Maktaba ya sauti haihitaji kujua faili ilikuwa ya mtumiaji gani kwenye kompyuta ya Tanga, na kompyuta ya Dodoma itapokea kwa akaunti ya kawaida isiyo na mamlaka ya kubadilisha umiliki. Kwa hiyo tumechukua `-rlt` peke yake. Herufi ambayo haiwezi kuondolewa ni `t`. Kwa kawaida rsync hulinganisha ukubwa wa faili na muda wake wa kubadilishwa, na vikilingana huiacha. Nakala isipohifadhi muda ule, usiku wa pili kila faili itaonekana imebadilika.

Mkwaju (alama ya `/`) wa mwisho wa njia ya folda nao tumeuandika kwa wino mzito. `kanda/` maana yake ni vilivyomo ndani ya folda, na `kanda` bila mkwaju ni folda yenyewe pamoja na vilivyomo. Katika nakala ya kawaida tofauti hii huzaa folda moja ya ziada tu. Ukiongeza `--delete`, inayofuta upande wa pili kila kisichopo kwenye chanzo, hali hugeuka: anayepeleka `kanda/` kwenye `/akiba/` badala ya `/akiba/kanda/` ameiambia programu kwamba kila kitu kingine kilichomo ndani ya `/akiba/` hakitakiwi.

Kwa sababu hiyo kila amri mpya katika mradi huu inapitishwa kwanza kwa `-n`, inayoonyesha kitakachofanyika bila kugusa faili hata moja, ikiambatana na `-i`, inayotoa alama kwa kila badiliko. Msaidizi yeyote wa zamu anatakiwa aweze kusoma alama tatu: `>f+++++++++` ni faili mpya inayoingia, `>f..t......` ni faili inayoletwa upya kwa sababu muda wake umebadilika ingawa ukubwa ni uleule, na `*deleting` ni faili inayofutwa.

Jumatano: `--delete`

Mhifadhi wa maktaba, ambaye ni mkubwa wetu kwa umri na kwa kazi, alikuja chumba cha mitambo na swali lililostahili kuulizwa kabla ya mengine yote: "Mwanangu, nikifuta faili huku leo bila kukusudia, na kule Dodoma itafutika?" Jibu la kweli ni: "Ndiyo, mama, usiku huohuo," ikiwa tutatumia `--delete` kama inavyotumiwa na wengi.

Kusawazisha folda mbili ni kazi moja, na kuweka akiba ni kazi nyingine. Folda zilizosawazishwa hufanana daima, zikiwemo dosari zao. Faili iliyofutwa, iliyoandikwa juu yake au iliyofungwa na virusi huifikia nakala kwa uaminifu uleule iliofika nao faili nzima. Akiba inatakiwa iikumbuke jana hata kama leo imekwisha kuharibika. Bila `--delete`, kwa upande mwingine, nakala itajaa majina ya zamani ya faili zilizohamishwa, na siku ya kurejesha hakuna atakayejua mpangilio wa kweli wa maktaba ulikuwa upi.

Programu ina kinga zake, na ni haki kuzitaja. Upande unaotuma ukikutana na hitilafu ya kusoma diski, ufutaji husimamishwa wenyewe, na anayeongeza `--ignore-errors` anaiondoa kinga hiyo kwa mkono wake. Faili zilizozuiwa kwa `--exclude` hazifutwi upande wa pili, isipokuwa `--delete-excluded` itajwe. Na `--max-delete=50` huweka kikomo: zikishafutwa faili 50, zilizobaki huachwa, na programu hutoka na namba 25 (namba ya kutokea, inayoeleza kazi imeishaje), ambayo skripti, yaani faili ya amri inayoendesha kazi ya usiku, inaweza kuisoma na kupiga kelele.

Lakini ipo hali moja ambayo haihesabiwi kuwa hitilafu ya kusoma. Diski ya nje ya maktaba isipopachikwa, yaani isipounganishwa na folda yake, baada ya umeme kurudi, folda yake bado ipo, nayo ni tupu. Kwa rsync folda tupu ni jambo halali, na `--delete` itaitafsiri kwamba maktaba yote imefutwa. Tumeweka basi faili ndogo ya alama ndani ya diski yenyewe, na skripti huitafuta kwanza. Isipoiona haianzi kabisa. Tuliijaribu kinga hiyo kwa kuitoa diski makusudi, na kazi ya usiku ilikataa kuanza na ikaandika sababu kwenye kumbukumbu zake.

Alhamisi: `--link-dest`

Tulichokuwa tukikitafuta kimo katika chaguo hili, na ningependa kila anayeshughulika na akiba alijue vizuri kuliko anavyoijua `-a`.

Kila usiku nakala inawekwa katika folda mpya iliyo tupu. Kwa `--link-dest` tunaielekeza rsync kwenye nakala ya usiku uliotangulia. Kila faili ambayo haikubadilika haikopiwi tena, bali huwekewa kiungo kigumu, yaani jina la pili linaloelekea kwenye data ileile iliyopo tayari kwenye diski. Faili iliyobadilika huandikwa upya katika folda mpya, na ile ya zamani hubaki kama ilivyokuwa katika folda ya jana. Mtu akifungua folda ya usiku wowote huikuta maktaba kamili ya siku ile, ilhali nafasi iliyotumika ni ya yale yaliyobadilika tu. Faili ya zamani pia hutumika kama msingi wa kulinganisha vipande, kwa hiyo ule uwezo wa kutuma sehemu iliyobadilika tu haupotei.

Swali la mhifadhi linapata jibu jingine hapa. Folda ikianza ikiwa tupu hakuna cha kufuta ndani yake. Faili iliyofutwa Tanga haitaonekana katika nakala ya leo, na ya jana itabaki nayo.

Masharti yake hayavumilii uzembe. Diski ya akiba lazima iwe na mfumo wa faili unaokubali viungo vigumu, kama ext4. Diski nyingi za nje zinazouzwa madukani huja na exFAT, ambayo haivikubali, kwa hivyo diski yetu ilifomatiwa upya kabla ya kuwekwa chochote. Njia inayotajwa kwenye `--link-dest` bila mkwaju wa mwanzo huhesabiwa kuanzia folda inayopokea, wala si mahali alipo mtu anayeandika amri. Na `--inplace`, ambayo huandika mabadiliko moja kwa moja ndani ya faili iliyopo, imepigwa marufuku katika mradi huu, kwa sababu kuandika ndani ya faili yenye kiungo kigumu ni kuibadilisha katika nakala zote zinazoshiriki data hiyo.

Lipo pia jambo ambalo halina budi kusemwa kwa sauti kubwa: nakala thelathini zenye viungo vigumu bado ni nakala moja ya kila faili isiyobadilika. Sehemu ya diski ikiharibika, faili iliyokuwa hapo imeharibika katika siku zote thelathini. Historia inatulinda dhidi ya mkono wa binadamu. Dhidi ya diski kufa tunahitaji diski nyingine.

Faili iliyobadilishwa jina ni udhaifu unaojulikana wa rsync, kwa kuwa huiona kama faili mpya. Chaguo `-y` huiagiza itafute katika folda ileile faili inayofanana kwa jina, au kwa ukubwa na muda, iwe msingi wa kulinganisha. Likirudiwa mara mbili, `-yy`, tangu toleo 3.1.0 utafutaji huo hufika hadi katika folda ya `--link-dest`. Diski bado italipia faili nzima, lakini laini haitalipia. Mhifadhi anaendelea kurekebisha majina ya kanda za zamani, kwa hiyo chaguo hili limeingia. Faili inayohamishiwa folda nyingine haitasaidiwa, na tumemwomba uhamishaji mkubwa wa folda utangazwe mapema.

Ijumaa: laini na umeme

Nakala ya kwanza haikupita kwenye intaneti. Ilitengenezwa Tanga kwenye diski ya nje, ikakaguliwa, na diski ikapelekwa Dodoma kwa basi.

Uhamishaji ukikatika katikati ya faili, kwa kawaida rsync hutupa kile kilichokwisha kupokewa. Wengi hutumia `-P`, ambayo ni `--partial` pamoja na `--progress`. Kwa akiba siikubali, kwa kuwa `--partial` huiacha nusu ya faili ikiwa na jina lake kamili, na mtu anayetafuta mahojiano ya saa moja anaweza kuyakuta ya dakika 20 bila onyo lolote. `--partial-dir=.rsync-partial` huiweka nusu hiyo pembeni, na kazi inayofuata huanzia hapo.

Inafaa kutofautisha laini kukatika na umeme kukatika. Laini ikikatika, programu ya Dodoma bado iko hai na ina nafasi ya kuiweka nusu ile mahali pake. Umeme ukizimika Dodoma, programu hufa bila kuaga, na kinachobaki ni faili ya muda yenye nukta mwanzoni na herufi za kubahatisha mwishoni mwa jina, ambayo haitatumika tena. Kifaa kidogo cha betri kwa kompyuta ile kimeombwa, na ninakihesabu kuwa sehemu ya mradi sawa na chaguo lolote.

`--timeout=300` imewekwa ili laini iliyokufa kimya isiishikilie kazi hadi asubuhi; dakika tano zikipita bila data kusogea, programu hutoka na namba 30. `--bwlimit=200` huweka wastani wa kilobaiti 200 kwa sekunde, kwa sababu kituo hurusha matangazo kwa intaneti hata usiku, na akiba haina haki ya kuyakatakata. Kwa mwendo huo rekodi yetu ya saa moja huchukua takribani dakika 84. Ubanaji wa `-z` tumeuacha, kwa kuwa sauti ya WAV, ambayo ni faili isiyobanwa, haibaniki sana kwa njia za jumla, na faili za MP3 na FLAC zimekwisha kubanwa.

Jumatatu: nani avute, na kipi kiachwe

Tumeamua kwamba Dodoma ndiyo ivute, wala Tanga isisukume. Kompyuta inayosukuma lazima iwe na ruhusa ya kuandika kwenye akiba, na atakayeivamia ataifikia akiba pia. Ufunguo wa ssh (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) wa Dodoma umefungwa upande wa Tanga kwa `rrsync -ro`, skripti inayotolewa pamoja na rsync, ambayo huruhusu kusoma tu, tena ndani ya folda moja iliyotajwa.

Pande zote mbili zilisasishwa kabla ya kazi kuanza, kwa kuwa mwezi Januari 2025 lilitolewa toleo 3.4.0 lililoziba kasoro kadhaa za usalama. Anayetumia Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, asishtuke kuona namba ya zamani kwenye `rsync --version`, kwani huko marekebisho huingizwa ndani ya toleo lililopo. Historia ya kifurushi ndiyo ya kusomwa.

Kuhusu kuchuja faili, kanuni husomwa kutoka juu kwenda chini na ya kwanza inayolingana ndiyo inayoamua, na mkwaju ulio mwanzoni mwa kanuni humaanisha mzizi wa uhamishaji, yaani folda ya juu kabisa inayonakiliwa, wala si mzizi wa diski. Tunatumia orodha ya kuzuia tu. Mtu anayeorodhesha vya kuchukua, tuseme `*.wav`, siku moja ataanza kupokea faili za FLAC na hazitahifadhiwa, na hakuna ujumbe wowote utakaomwambia. Anayeorodhesha vya kuacha akisahau kitu, hasara yake ni nafasi kidogo ya diski. Orodha yetu kwa sasa ina mistari miwili: `*.tmp` na `/muda/`.

Jumatano: amri nzima

```
rsync -rlt -yy -i --delete \
  --partial-dir=.rsync-partial \
  --timeout=300 --bwlimit=200 \
  --exclude-from=/etc/akiba/acha.txt \
  --link-dest=../karibuni \
  tanga:kanda/ /akiba/inayoendelea/
```

Msomaji ataona kwamba `--delete` imerudi. Hapa mipaka yake ni folda `inayoendelea` peke yake: kazi ikikatika na kuanza tena usiku unaofuata, faili zilizofutwa Tanga katikati ya nyakati hizo, pamoja na mabaki ya umeme kuzimika, zinatakiwa ziondoke kabla nakala haijapewa tarehe.

Kinachofuata huamuliwa na namba ya kutokea. Kwa 0 folda hupewa jina la tarehe, na kiungo-ishara `karibuni` huelekezwa kwake. Kwa 24, inayomaanisha kwamba baadhi ya faili zilitoweka wakati kazi ikiendelea, tunafanya vivyo hivyo, kwa kuwa programu ya kuhariri sauti hufuta faili zake za muda saa yoyote. Kwa namba nyingine, ikiwemo 23 ya uhamishaji usiokamilika, folda haipewi tarehe na ujumbe hutumwa kwa aliye zamu. Hakuna folda yenye tarehe ambayo haijakamilika. Kwangu mimi sharti hili ndilo moyo wa skripti nzima.

Ijumaa: `-c`

Kulinganisha ukubwa na muda hakuwezi kugundua diski inayooza kimya, kwa kuwa biti ikigeuka ndani ya faili, ukubwa na muda havibadiliki. `-c` huisoma kila faili pande zote mbili na kulinganisha yaliyomo. Ni kazi nzito kwa diski, ingawa si kwa laini, na tumeipangia Jumapili moja kila mwezi.

Tunaiendesha kwa `-n` na `-i` siku zote, tukilinganisha Tanga na nakala ya karibuni. Faili itakayotoka na alama `>fc........` ina yaliyomo tofauti ilhali muda na ukubwa ni vilevile, na mtu lazima aisikilize kwa masikio yake pande zote mbili kabla ya kuamua. Bila `-n`, amri hiyohiyo ingechukua faili iliyooza ya Tanga na kuiandika juu ya nzima ya Dodoma, kwa sababu rsync huamini chanzo daima.

Jumatatu: kurejesha

Tulichagua folda ya mahojiano ya zamani, tukairejesha kutoka Dodoma kwenye diski tupu, na tukailinganisha na ya Tanga kwa `-rltnci`. Orodha ilitoka tupu, nasi tukaketi na mhifadhi tukasikiliza rekodi kadhaa mwanzo hadi mwisho.

Kwa kurejesha juu ya folda inayotumika, mwongozo wa zamu unaagiza `-b --backup-dir` ikifuatiwa na njia kamili ya folda ya pembeni, ili faili yoyote itakayoandikwa juu yake ihamishwe huko kwanza. Anayerejesha kwa haraka hawezi kuwa na hakika kwamba kila kilichopo kimeharibika.

Yaliyobaki ni mawili. La kwanza ni kuondoa nakala za usiku zilizo za zamani: folda ya tarehe husika hufutwa kwa amri ya kawaida ya kufuta, na data hubaki salama maadamu kuna folda nyingine yenye kiungo kwake. Tutabakiza za kila usiku kwa mwezi mmoja, kisha moja kwa kila mwezi. La pili ni diski ya tatu, itakayokopiwa kutoka Dodoma na kufungiwa kabatini bila kuunganishwa na chochote. Amri yake itahitaji `-H`, la sivyo kila usiku utageuka nakala kamili na diski itajaa kabla ya mwezi wa kwanza kuisha.